Rangi ya Milango ya Balnaruich

Bi Nettie Lorimer alikuwa amelaza kichwa kwenye beseni, povu limemjaa masikioni, Rhona Tulloch akimsugua nywele, pale mama yake Rhona alipoingia saluni amevaa kofia ya kwendea kanisani. Na ilikuwa Jumamosi.

"Vaa koti," Bi Grizel alimwambia bintiye. "Tunakwenda ukumbini."

Rhona akafunga bomba. "Ukumbi gani, Mama?"

"Uko mmoja tu mji huu. Nataka kuona maonyesho ya vigari moshi vya huyo mtu wako."

"Si mtu wangu. Yameisha, na unajua yameisha."

"Vizuri. Basi hutaona tabu kumtazama usoni."

Bi Nettie akanyoosha mkono kutoka kwenye beseni kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali. "Nisuuzeni kwanza, jamani! Na mimi naenda. Utoto wangu wote nimelala nikisikia treni za Balnaruich. Grizel kaniambia nisikose, eti kuna kichekesho."

"Kichekesho gani?" Rhona akauliza.

Bi Grizel alikuwa anaweka kofia sawa mbele ya kioo. "Suuza watu nywele, mwanangu. Maji yanapoa."

Rhona akasuuza. Mikono ilifanya kazi, moyo ukawa umeshafika ukumbini zamani. Tangu waachane na Innes Petrie alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya duka lake la miwani, na kila alipovuka aligeuka kuangalia kama taa ya juu inawaka.

Walikutana hapo hapo saluni, mwezi wa kumi uliopita. Innes alikuja kunyolewa. Rhona alipomuuliza, kama anavyowauliza wote, mwisho wa juma anafanya nini, alijibu bila haya:

"Najenga stesheni."

"Stesheni nzima?"

"Nzima. Ila paka akilala juu yake, ameifunika."

Alikuwa anaijenga upya mezani, kwa mfano mdogo, Balnaruich, stesheni iliyobomolewa kitambo huko bondeni juu ya mji, kama ilivyokuwa kiangazi cha mwisho kabla ya vita. Hakutaka stesheni inayofanana na Balnaruich. Alitaka Balnaruich yenyewe: vioo vya madirisha kwa idadi yake, ukuta uliochafuliwa na moshi kwa upande wake, hata maua yaliyopandwa kando ya jukwaa la abiria. Kwa ajili hiyo alilala kifudifudi kwenye matope na theluji akipima misingi iliyobaki. Aliwagongea wazee milango. Na akakiri, mkasi ukiwa karibu na sikio lake, kwamba hata saluni hakuja kwa sababu ya nywele. Alisikia bibi wote wa mji huketi kwenye viti vile na kusema wasiyoyasema kwingine.

Rhona alicheka mpaka ikabidi aweke mkasi chini. "Ungeniuliza mimi tu! Mama yangu kazaliwa ndani ya stesheni hiyo. Babu alikuwa stesheni masta."

Innes akainua macho kwenye kioo. Yalikuwa macho ya kijivu, ya mtu aliyezoea kutazama ndani ya macho ya wenzake mchana kutwa bila kuona aibu. Safari hii aliona. Masikio yakamwiva. Rhona alichukua tena mkasi, na nywele za upande wa kushoto zikatoka fupi kuliko za kulia.

Shida ilikuwa jina.

"Petrie?" Bi Grizel aliuliza jioni ile ile. "Petrie wa Dougal Petrie?"

"Ni mwanawe, Mama. Lakini yeye..."

"Mtoto wa mbomoaji! Wanaume wamejaa toka hapa mpaka Inverness, wewe ukamwokota huyo!"

Kwa hilo hakuna aliyeweza kumlaumu. Reli ilipofungwa, Dougal Petrie ndiye aliyepewa kazi ya kuibomoa Balnaruich. Alikuja na malori na nyundo. Stesheni masta, Bwana Moncur, baba yake Bi Grizel, alikuwa ameshastaafu lakini bado anakaa nyumba ya jirani. Aliomba kitu kimoja tu, kengele ya jukwaani aliyoipiga miaka yake yote ya kazi. Petrie alicheka, akaitupa kengele juu ya vyuma chakavu. Mzee akafariki kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka. Bi Grizel hakuwahi kutamka jina la Petrie bila kufuta midomo. Hata miwani alikwenda kununua Perth, akapanda basi kwenda na kurudi, ili asivuke kizingiti cha duka lile.

Kwa hiyo jioni moja ya Februari, Bi Grizel alipoacha kumenya viazi na kusema neno lile, Rhona alidhani hakusikia vizuri.

"Mwambie milango ilikuwa myekundu."

"Nini, Mama?"

"Huyo fundi wako. Milango ya stesheni ilikuwa myekundu, kama ini la ng'ombe. Asije akaipaka upuuzi."

Rhona hakungoja viazi viive. Alitoka mbio, koti halijafungwa vifungo, akapanda ngazi za duka la miwani mpaka chumba cha juu. "Mama kaongea!" alisema, hana pumzi. "Innes, mama yangu kaongea!"

Siku zilizofuata Bi Grizel aliongea tena. Tangi la maji lilikuwa upande wa mto. Kibanda cha ishara za treni kilikuwa cha mawe. Chumba cha abiria kilikuwa na mabomba mawili ya moshi. Rhona alilibeba kila neno kama mkate uliotoka jikoni, usipoe njiani. Mama analainika, alijiambia. Bado kidogo atamkaribisha chai, na mwaka kesho, nani ajuaye.

Innes alisikiliza yote. Alishukuru. Lakini kila safari alishukuru kwa sauti ya chini zaidi, na Rhona, katika furaha yake, hakuona. Mpaka siku aliyopanda ngazi na kukuta milango imeshapakwa rangi.

"Kijani?"

"Ndiyo."

"Mama alisema nyekundu."

"Najua alivyosema."

"Na tangi umeliweka upande wa mlima! Kibanda umekijenga kwa mbao! Innes, hakuna hata neno moja ulilomsikiliza!"

Innes alikuwa ameshika brashi nyembamba kama kope. Akaiweka chini polepole. "Sina hakika na mambo hayo."

"Huna hakika? Yeye kazaliwa humo! Wewe hiyo kijani umeitoa wapi?"

Innes akafunika kopo la rangi.

"Kwenye picha? Picha zako zote ni nyeusi na nyeupe. Rangi umeionaje?"

"Rhona, nakuomba uniamini tu."

"Nikuamini wewe, halafu mama yangu awe mwongo?"

Hapo Innes aligeuza uso upande wa dirisha. "Sijasema hivyo."

"Basi sema unachosema!"

Hakusema. Na kimya chake kilimchoma Rhona kuliko tusi.

"Unajua mama yangu imemgharimu nini? Kakupa utoto wake. Kakupa wewe, mtoto wa Petrie! Na wewe unampima kama wateja wako: 'Je, hivi unaona vizuri, au hivi?' Unapenda mawe kuliko watu, Innes. Kaa nayo."

Aliuacha ufunguo wa chumba kile juu ya jukwaa la Balnaruich, na ulikuwa mkubwa kuliko treni.

Sasa alikuwa anaingia ukumbi wa mji, mama kushoto, Bi Nettie kulia na nywele mbichi chini ya kitambaa. Nje mvua ilikuwa inapigana na theluji. Ndani mlinuka makoti yaliyolowa, pai za nyama ya kondoo na mafuta ya mashine. Watu walikuwa wametoka Dundee, Inverness, hata Glasgow, kila chama cha wajenzi wa reli za mfano na reli yake ndogo juu ya meza, na treni zikizunguka kama nyuki. Bwana Farquhar, mwenyekiti wa chama cha mji, alikuwa anapita na kipaza sauti akiwaomba watu wasiegemeze vikombe vya chai juu ya milima.

Balnaruich ilikuwa mwisho wa ukumbi. Innes alisimama nyuma yake, mbele ya pazia jeusi, mahali pa wanaoendesha treni. Alikuwa amekonda. Kifungo cha pili cha koti lake, kile Rhona alichomshonea kwa uzi usiofanana, bado kilikuwa pale pale. Akainua macho akamwona. Mkono wake ukasimama hewani, na treni iliyokuwa inashuka mlimani ikasimama nayo.

Rhona akatazama sakafu.

Bi Grizel hakutazama sakafu. Alipita katikati ya watu kwa kiwiko, kofia mbele, kama mtu anayekwenda kudai haki. Kwenye uso wake kulikuwa na kitu ambacho Rhona hakukijua, kama tabasamu lililoanza kabla ya wakati wake. Akafika kwenye ukingo wa meza. Akainama.

Tabasamu lile likakauka.

"Mungu wangu!" Bi Nettie alipiga makofi. "Grizel! Tazama! Milango yenyewe! Kijani kile cha baba yako! Kila mwezi wa tano akiipaka upya. Unakumbuka ulivyoiegemea mbichi na gauni la Jumapili, mama yako akakuchapa mpaka tukasikia kwetu?"

Rhona aliinua kichwa. "Kijani, Bi Nettie? Una hakika?"

"Mtoto huyu! Nina hakika na jina langu?"

"Haikuwa myekundu?"

"Myekundu! Stesheni gani hiyo, ya kuzimu?"

"Na tangi la maji? Halikuwa upande wa mto?"

"Upande wa mto lifanye nini? Maji yalishuka yenyewe toka mlimani. Ulitaka wayapandishe kwa kikombe?" Bi Nettie alikuwa ameshainama, pua karibu iguse kibanda cha ishara. "Na hiki nacho! Mbao zile zile. Marehemu kaka yangu alichonga jina lake hapo, akafukuzwa na fimbo. Na bomba la moshi lile moja lililokuwa likitufukiza sote! Kijana, wewe umeyajuaje haya? Hukuwa umezaliwa!"

Innes hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anamtazama Rhona, na Rhona alikuwa anageuka taratibu kumwelekea mama yake.

"Mama."

Bi Grizel alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa kwa mtu mmoja mdogo wa sanamu, mrefu kama kucha, aliyesimama mbele ya mlango wa kijani na kofia yake ya kazi.

"Mama, niangalie. Ulisahau?"

Watu wawili watatu waliokuwa karibu walijifanya wanatazama kondoo wa mlimani. Bi Grizel angeweza kusema ndiyo, na hakuna mtu ambaye angembishia mama wa umri wake.

"Sikusahau kitu," alisema. "Nilitaka achekwe."

"Achekwe?"

"Nilitaka wazee wote wa bondeni waje, waikute stesheni ya kipumbavu yenye milango ya buchani, wamcheke mbele za watu. Kama baba yake alivyomcheka baba yangu. Ndiyo hiyo. Umeuliza, nimekujibu."

Bi Nettie alifunika mdomo.

"Na mimi ndiye uliyenituma," Rhona alisema. "Mama, nilikuwa nakimbia. Njia nzima nilikuwa nakimbia kwa furaha."

"Nilikuona dirishani."

"Na hukuniita."

"Sikukuita." Sauti ya Bi Grizel ilipasuka katikati ya neno. "Nilitaka kukuita. Ulikuwa hujafunga koti."

Innes alizunguka meza, ameshika kiti. Alikiweka nyuma ya Bi Grizel, kwa heshima, bila kumgusa. "Keti, Bi Tulloch. Umesimama sana."

"Sihitaji kiti cha Petrie."

"Ni cha ukumbi."

Bi Grizel akakitazama, akaketi. Rhona alimshika Innes mkono wa koti, akamgeuza.

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mfugaji mmoja kule bondeni ana mlango wa stesheni. Kauweka kwenye banda la kuku. Nilikwangua rangi mpaka nikafika kwenye ubao. Ni kijani juu ya kijani. Nyekundu haipo."

"Huenda mama alichanganya! Ungeweza kuniambia tu kwamba kachanganya."

Innes akatikisa kichwa. "Mtu aliyesahau hukosea hapa, akapatia pale. Mama yako hakupatia hata mara moja. Ili mtu akosee kila kitu namna ile, lazima awe anakumbuka kila kitu."

Kitini Bi Grizel alitoa sauti puani. Kwa mtu asiyemjua ilifanana na mafua. Rhona alimjua, na alisikia ndani yake kitu kilichokaribia kicheko, na kilichokaribia heshima.

"Kijana," Bi Grizel akasema. "Njoo mbele nikuone. Baba yako alicheka siku ile. Umeambiwa?"

"Sikuambiwa, Bi Tulloch. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Ndani ya lori. Nilikuwa mdogo, mama yangu alikuwa anaumwa, baba hakuwa na mtu wa kuniachia." Innes alisema polepole, kama anayepita juu ya barafu. "Tulipofika, mzee mmoja alikuwa anafagia jukwaa. Sisi tumekuja kulibomoa, yeye analifagia. Nikamuuliza baba kwa nini anafagia. Baba akaniambia ninyamaze. Halafu nikamwona mzee anakuja na ufagio mkononi, anaomba kengele."

"Na baba yako akacheka."

"Alicheka."

Bi Grizel alimkazia macho. "Humtetei hata kidogo?"

"Nampenda baba yangu. Lakini alicheka, nikasikia. Nikisema hakucheka nitakuwa nimekudanganya."

Treni ya chama cha Dundee ilipita meza ya jirani, ikapiga honi yake ndogo. Bi Grizel alitoa leso kwenye mkoba, akaishika tu, hakuitumia.

"Yu hai?"

"Yu hai. Yuko Perth, kwenye nyumba ya wazee. Siku hizi hakumbuki mengi."

"Bahati yake," Bi Grizel alisema. "Mimi nakumbuka." Halafu akainama tena juu ya meza, akamtazama yule mtu mdogo wa mlangoni, na Rhona akaona kwamba mkononi mwake alikuwa na ufagio mwembamba kama sindano. Bi Grizel naye aliuona. Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua ndoo iliyobebwa mbali.

Bi Nettie alimsugua mgongo.

"Kamba ya nguo si hapo," Bi Grizel akasema ghafla.

"Samahani?" Innes akainama karibu naye.

"Kamba ya nguo. Umeiweka ubavuni mwa nyumba. Mama yangu alianika nyuma, upande wa jikoni, mashuka yasipate moshi. Ungemwanikia hapo angekufukuza na gongo la kufulia."

"Nyuma kabisa?"

"Nyuma, toka kona ya jikoni hadi kwenye mti wa tufaha. Na mti wenyewe umeusahau." Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aingie ukumbini. "Hayo ni kweli. Sikupendi bado, lakini hayo ni kweli."

"Najua ni kweli," Innes alisema. Akachukua koleo dogo, akaingiza mkono juu ya paa la stesheni bila kugusa kitu, akaing'oa kamba ya nguo na mashuka yake yaliyo kama punje za mchele. Akaisimika nyuma. "Hapa?"

"Sogeza. Sogeza tena. Basi. Hapo hapo."

Rhona hakuweza kuendelea kusimama pale. Alipita nyuma ya pazia jeusi, kwenye masanduku matupu na vikombe vya chai vilivyosahauliwa, akaegemea ukuta. Alilia bila sauti, kwa hasira au kwa aibu, hakujua. Pazia likafunguka. Hakuhitaji kuinua macho kujua ni nani, maana viatu vile aliwahi kuvisafisha tope la Balnaruich kwa mikono yake.

"Usinisemeshe," alisema.

"Sawa."

Wakakaa kimya.

"Mbona hunisemeshi?"

"Umenikataza."

"Innes!" Alimpiga kifuani kwa kiganja, si kwa nguvu. "Kwa nini hukuniambia? Nilikutukana. Nilikuita mpenda mawe. Neno moja tu lingeninyamazisha, ukalimeza!"

"Ningelisemaje? 'Rhona, mama yako anakutumia kunidhuru.' Ungekwenda nyumbani ukamuuliza. Halafu? Ulikuja kwangu unang'ara, hujafunga koti, unasema mama kaongea. Sikuwahi kuona mtu na furaha kama ile. Mimi ndiye niizime?"

"Kwa hiyo ukaona bora unipoteze."

"Niliona bora unikasirikie mimi kuliko umkasirikie yeye. Mimi wa kupita. Mama ni mmoja."

"Nani kakwambia wewe ni wa kupita?"

Akili yote ya vipimo ya Innes ilikuwa imemkimbia.

"Ungeweza kupaka nyekundu," Rhona alisema, akifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mama angefurahi, mimi ningefurahi, na tungekuwa pamoja."

"Nilijaribu. Nilifungua kopo la rangi." Alikuna kidevu. "Mkono ulikataa. Nilimwona babu yako anafagia, Rhona. Nisingeweza kumsimamisha mbele ya mlango usio wake."

Rhona alimtazama mwanamume yule, mwenye vumbi la gundi kwenye nyusi na nywele zilizokatwa vibaya na kinyozi mwingine wa Perth, maana naye, kumbe, alikuwa hana uso wa kwenda saluni. Alimwona alivyo. Alikuwa mgumu, mkaidi, na mtu wa kulala matopeni kwa ajili ya mlango mmoja. Akajua kwamba mtu wa namna hiyo akisema anakupenda, amekwisha kupima.

"Nani kakunyoa hivi?" aliuliza.

"Jamaa mmoja karibu na stendi ya mabasi."

"Ana kesi na wewe?"

Innes akacheka, na kicheko kikageuka kitu kingine katikati. "Nimekukosa," alisema. "Nimekukosa kila siku. Nimekuwa nikiwasha taa juu hata nisipokuwa na kazi, labda utapita uione."

"Nilikuwa naiona."

"Mbona hukupanda?"

"Nilikuachia ufunguo wangu, mjinga wewe!"

Alimvuta kwa kola ya koti. Mdomo wake ulikuwa na ladha ya chai ya ukumbini. Rhona alifumba macho, na mikono mipana iliyozoea vitu vidogo ikamshika uso kwa uangalifu, kisha bila uangalifu wowote.

Upande wa pili wa pazia ukumbi ulikuwa umeanza kunong'ona. Treni ya abiria ilikuwa bado imesimama katikati ya mlima, na watu wamejipanga wakingoja ishuke.

"Innes!" Sauti ya Bwana Farquhar ilitoka kwenye kipaza sauti. "Innes Petrie, tafadhali! Abiria wa Balnaruich wanachelewa!"

Rhona alitaka kujitoa. Innes hakumwachia.

"Mwacheni," sauti kavu ya Bi Grizel ikajibu, kubwa kuliko kipaza sauti. "Na kizime hicho kidude chako, mwenyekiti. Mimi nimekulia pale. Treni ya Balnaruich haijafika kwa wakati hata siku moja."